Masalu na Kisigino cha Mama Mkwe

Dorcas, acha unachofanya! Masalu kaumbuka!

Si unamjua anavyolala kifudifudi kwenye mawe ya Ilemela, akipiga picha za uyoga kwa karibu? Leo kazipanga kwenye benchi nje ya kanisa. Watu wakaganda kwenye moja, kaiandika "Tope Lililokauka". Mchungaji kasifu weee!

Mama mkwe wake akaitazama. Akavua kandambili, akaweka mguu kando ya picha. Nyufa zilezile, kovu lilelile!

Mkwe, Dorcas! Mkwe ambaye hata mkono hampi! Kampiga picha kisigino akiwa amesinzia!

Mama akamwambia Masalu taratibu, "Baba, piga na huu wa kushoto, upate jozi."

Halafu akamgeukia binti yake, "Hellen, twende nyumbani."

Hellen kaenda. Hajamtazama hata mume.