Meza Uliyoipitisha, Joakimu

Joakimu, uliyekuwa mchumba wangu,

Salamu sikuletei. Nikileta nitakuwa mnafiki, na unafiki wa kuandika ni mbaya kuliko wa mdomo, kwa sababu mtu anaukalia chini na kuupangilia. Walimu wenzangu hapa Msimbati wameniambia kuwa mwezi ujao unakuja Mtwara, mkaguzi mkuu wa vifaa katika mashindano ya shule ya mpira wa meza. Waliniletea habari hiyo kwa furaha. "Si mlikuwa mnajuana?" Nikasema ndiyo, tulijuana. Nikaendelea kusahihisha madaftari, na kalamu nyekundu ikawa inatoboa karatasi za watoto wa watu.

Ulikuwa unapendeza ulipokuwa unakagua, hilo siwezi kukunyima. Hata tukiwa wawili tu ukumbini, hatuchezei chochote ila jasho, ulikuwa unasimamisha rula mezani, unakiachia kipira kutoka juu yake na kuinama utazame kinaruka mpaka wapi. Upande wangu, upande wako, katikati, pembeni. Neti uliipima kwa kijiti ulichokichonga mwenyewe. Raketi ulizinusa moja moja, maana vijana wa bandarini walikuwa wanapaka solusheni ya fundi baiskeli chini ya raba ili mpira ukimbie, nawe ulisema mvuke wake unaharibu kichwa cha mchezaji na kumdhulumu mwenzake. Siku moja ukaikataa raketi yangu kwa sababu raba imechanika kwenye ncha. "Nakupenda, Zuhura," ukasema, "ila hii haichezi." Nilikununia njia nzima. Moyoni nikasema, mwanaume wa namna hii hataniacha nidhurike.

Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Unakumbuka nilipokupeleka kwa bibi yangu Kilambo? Ninyi mlikuja kutoka Iringa kwa kazi ya baba yako bandarini, na korosho mliijua ikiwa imeshakaangwa, nyeupe, iko kwenye mfuko. Ukaokota mbichi chini ya mkorosho ukaibana kwa meno, ganda na vyote, kuonyesha ushujaa mbele ya wakwe. Midomo ikavimba mpaka ukashindwa kusema "shikamoo". Bibi alicheka akajifuta machozi kwa kanga, kisha akachukua mafuta ya nazi akakupaka mwenyewe, taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga. "Kijana wako huyu hajui kitu," akaniambia. Halafu akakugeukia wewe: "Baba, nkorosho una hasira. Ganda halitiwi ndomoni, na mafuta yake hayashikwi kwa nkono ntupu. Ukitaka kuyashika, tangulia kujipaka nazi." Ukaitikia kwa kichwa, maana mdomo haukufunguka. Tangu siku hiyo ulikuwa ukisikia harufu ya maganda yanaungua, unajishika mdomo, nasi tunakucheka.

Kwa hiyo ulijua. Nataka tuelewane hapo kabla sijaendelea.

Mwaka wa mashindano yale tulikuwa bado tunakwenda Dar es Salaam kwa meli, maana barabara ilikuwa tope tupu. Bingwa wa wasichana wa mkoa ndiye aliyekuwa apande meli akajaribiwe kwa timu ya taifa, na mimi nilikuwa nimefika nusu fainali. Mnunuzi mmoja wa korosho akatoa meza mpya. Wewe ukapewa ukaguzi, na yule mnunuzi akakuahidi nafasi ya kwenda na timu ukasomee urefa.

Meza ilipoletwa mara ya kwanza uliikataa, na ulikuwa na haki. Rangi yake ya kijani ilikuwa inang'aa, taa zinaonekana ndani yake na mpira hauonekani. Ukamwambia fundi kanuni inataka rangi iliyokolea, isiyong'aa. Fundi akahangaika madukani, rangi ya kukoleza hakuna. Akafanya walivyozoea mafundi wa kwetu wanaopaka nguzo zisiliwe na mchwa: akachukua mafuta meusi ya maganda ya korosho, akachanganya na ile kijani. Meza ikarudi asubuhi ya nusu fainali, imekolea vizuri, haing'ai tena, kama zile za kwenye televisheni. Mgeni rasmi alikuwa ameshakaa, na mnunuzi wa korosho yuko pembeni yake.

Ukaikagua. Rula, kipira, kijiti cha neti. Kisha ukapitisha kiganja juu ya mbao, ukasimama. Ukanusa vidole. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nafunga kamba za viatu, nakutazama, kwa sababu siku zile nilikuwa sina kazi nyingine ila kukutazama. Ukatoka kuelekea jikoni, kwa mama aliyekuwa anapikia wachezaji. Uliporudi mikono yako ilikuwa inang'aa.

Harufu hata mimi niliisikia. Lakini ulikuwa msimu, mji mzima ulikuwa unanuka korosho, na ningeanzaje kuogopa harufu ya nyumbani? Nikakutazama usoni. Ukaniitikia kwa kichwa, ukashika kipaza sauti ukasema, "Meza imepita."

Sasa ile tabia yangu. Wewe ndiye uliyekuwa unanitania nayo: nikitoka jasho nafuta kiganja mezani karibu na neti, halafu napitisha mkono huohuo usoni. "Unacheza au unapiga deki?" ulikuwa unaniuliza. Siku ile nilifuta meza na uso, nikafuta tena, kila baada ya pointi mbili tatu, nawe umesimama pembeni na mikono nyuma. Hukunitania. Nikashinda, watu wakashangilia, ukapiga makofi.

Asubuhi ya fainali niliamka uso umeumuka kama andazi, macho yamefumba, ngozi inatoka maji. Yule niliyemshinda alivimba mkono tu. Bibi, aliyekuja mjini kunishangilia, alinitazama mara moja. "Hii korosho," akasema. Kisha akauliza, "Nani kapima ile meza?" Nikageukia ukutani. Alikuwa bado anakuita "mjukuu wangu".

Fainali haikuchezwa, mwenzangu akapewa ushindi. Na niliambiwa kuwa mechi za wavulana zilihamishiwa kwenye meza ya zamani, ile mpya ikafunikwa turubai, na aliyetoa amri hiyo ni wewe. Hukumwambia mtu sababu.

Ukaja hospitali. Nilikuwa nakuona kwa upenyo mdogo wa jicho la kushoto. Ukasema, "Ukumbi ulikuwa umejaa, mgeni rasmi ameshakaa. Ningesema nini?" Ukasema hukudhani itakuwa mbaya hivyo. Nikakuomba kitu kimoja: nionyeshe mikono yako. Ukaitia mfukoni, Joakimu. Mikono mizima, laini, haina hata kipele, ukaitia mfukoni. Meli ilipoondoka na timu, wewe ulikuwa ndani yake.

Ungekuwa mjinga ningekusamehe zamani. Fundi nilimsamehe, alikuja kwetu analia, hakujua kuwa meza ya mpira huguswa. Wewe ulijua mafuta, ulijua dawa yake, ulijua tabia yangu, ukajipaka wewe. Na nilikupenda. Mpaka leo linaloniudhi zaidi ni hilo, kuwa mikono ile niliipenda.

Jicho langu la kulia lilibaki na ukungu. Kipira kikija vinakuja viwili, na mimi nimeshachoka kubahatisha kipi ni cha kweli. Sichezi tena, nafundisha. Shule yetu ina meza moja, imechongwa hapahapa kijijini, na siku hizi magari ya watu wa gesi yakipita huitia vumbi. Rula ninayo na neti naipima, sitaki uonevu. Lakini siku moja kabla ya mechi yoyote nalaza mkono wangu wote juu ya meza, kutoka kiganja mpaka kiwiko, nausugua, na siunawi mpaka kesho yake. Mkono ukiamka mzima, watoto wanacheza. Wenyewe wanaita "kuilaza meza", wanadhani ni kanuni imetoka Dar es Salaam. Sijawaambia imetoka wapi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Basi njoo. Meza za mashindano ni mpya, na wanafunzi wangu wako kwenye orodha. Mmoja ana tabia ya kufuta jasho mezani. Nimemkanya, hasikii, ananikumbusha mtu. Njoo siku moja kabla ya ufunguzi, kabla mgeni rasmi hajakaa na ukumbi haujajaa. Nitakuwepo mlangoni. Utakunja mikono ya shati, utailaza mikono yako yote miwili, na watoto watakuwa wanakutazama.

Usipite jikoni kwanza.

Ni mimi, mjukuu wa yule bibi aliyekupaka mafuta mdomoni,

Zuhura