Kaburi la Mama Gyu-cheol Limeota Upara

Mshauri mpendwa, naomba msaada ingawa si kawaida yangu, maana hapa Yecheon watu ndio huja kuniuliza mimi, kalamu siijui sana lakini mundu naujua, hakuna kaburi bondeni kwetu lenye nyasi kama za kaburi la baba yangu, wapita njia husimamisha magari kulitazama, sasa la mke wangu, mama Gyu-cheol, lililo kilimani hapo hapo, limeota upara upande wote wa mforsadi na mvua zimeanza kula udongo wa tuta. Mforsadi huo aliupanda mwenyewe, kila mwaka alikuwa anaukata hadi magotini kulisha viwavi wake wa hariri, lakini tangu afariki nimekataza mtu kuugusa, na umenawiri hasa, hata hilo watu wanalisifu. Nyasi nazikata hadi udongoni ziote kwa nguvu, jeshini nilikuwa kinyozi, nimetia mbolea, nimebandika vipande vipya, vinakufa. Juzi mwanangu Gyu-cheol kaja na kipande cha nyasi za plastiki, eti tumfunike mama kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, jamaa wakija makaburini wasione aibu, nikamwambia zulia lake akatandike sebuleni kwake, naye akanijibu mbele ya mkewe, “Baba, mama amelala kama amenyolewa na adui.” Nikamwambia asikanyage tena kilimani, na hajapiga simu mpaka leo. Nafasi yangu iko kando ya mama Gyu-cheol, nimeisawazisha kwa mkono wangu, sitaki kulala jirani na plastiki. Nifanye nini, na usiniambie nikate mti wake.

Gu Pan-seok, Yecheon

Mzee Gu, pole kwa kuondokewa na mwenzio. Plastiki sikuambii, hapo mwanao kakosea. Ila kinyozi wa jeshi naye akae mbali na kaburi hilo. Kichwa cha askari kinalishwa jikoni, nyasi zinalishwa na majani yake. Ukiyamaliza zile nini? Acha urefu wa vidole vitatu. Na kaburi la baba yako linapendeza kwa sababu liko juani, mundu wako usijisifu. Nyasi zetu hizi ni za jua na joto, kivulini utamwaga mbolea mpaka uchoke.

Sasa mti. Umeandika mwenyewe kwamba mkeo alikuwa anaukata kila mwaka. Zamu ilipofika kwako, mbona ukaugeuza sanamu? Majani yakishadondoka, ukate ubaki wa magotini, kama alivyozoea yeye. Mforsadi hauogopi msumeno, utachipua. Vipande vipya usibandike sasa, baridi ikija nyasi zinalala. Ngoja Hansik, ile siku ya kutengeneza makaburi mwezi wa nne, nyasi zikianza kuamka, chukua vipande pembezoni mwa kaburi la baba yako, vikandamize kwa miguu, mwagilia mpaka vishike. Chuseok hii jamaa watauona huo upara. Waache wauone, hutakufa kwa aibu.

Lakini msumeno usiushike peke yako. Ukishalala kando ya mama Gyu-cheol, nyasi zako atazikata nani? Ni huyo huyo uliyemfukuza kilimani. Mpigie simu leo. Radhi kama haikutoki mdomoni, usiiombe. Mwambie tu mti wa mama umefika wakati wa kukatwa, na aje na msumeno.