Damu Yake Nimeiona, Uso Bado

Jumanne, 3 Juni 2025
Baba mkwe kaja toka Madibira. Mume wangu Anord anasema kakonda, tumbo limevimba upande wa kushoto. Nilijifungia jikoni hadi alipopita chumbani. Anord akanicheka – eti mke wangu mwizi nyumbani kwake mwenyewe! Acheke. Sisi Wahehe baba mkwe tunamheshimu, ila hatumkimbii. Kwa Wanyakyusa wa zamani kama huyu, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Miaka minne ya ndoa namjua kwa kikohozi, na kwa namna anavyoshukuru chakula nyuma ya ukuta. Nampenda yule mzee, basi tu.
Kesho analetwa kupimwa kituo cha afya, maabara ninakofanya kazi.

Jumatano, 4 Juni
Liberatus, mwenzangu wa maabara, alimtoa damu, mimi nimejificha stoo! Kisha akaniletea maabara. Mashine ikasoma chembe nyeupe laki mbili na ushee. Za mtu mzima hazivuki elfu kumi na moja. Nikarudia. Vilevile.
Nikapaka slaidi, nikatia rangi, nikaiweka chini ya hadubini. Mungu wangu! Neutrofili, zile chembe nyeupe za kupigana na vijidudu, za kila umri, changa na zilizokomaa, zote zimetoka mifupani pamoja. Nikajipa moyo, maambukizi makali nayo huzizidisha. Halafu nikaona basofili, zile zenye punje nyeusi. Siku nyingine natafuta asubuhi nzima nisipate hata moja. Leo kila nikisogeza slaidi, ipo.
Bandama kubwa, basofili tele... Ni saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Nililia jicho likiwa kwenye lenzi.

Alhamisi, 5 Juni
Daktari kaangalia slaidi, naye anaona hivyo hivyo. Aende rufaa Mbeya, wathibitishe kwa kipimo cha vinasaba. Ikiwa ndiyo yenyewe, kuna vidonge vya kila siku, na mtu anaishi miaka mingi. Ila asichelewe.
Anord kamweleza. Mzee kakataa! Eti ni bandama tu, Madibira kuna mtu anachanja chale. Mama mkwe, aliyekuja naye, analia.

Jumamosi, 7 Juni
Bado kakataa. Jumatatu anarudi Madibira. Nimemkasirikia hadi nikagonga sufuria makusudi, asikie.

Jumapili, 8 Juni
Tumetoka kanisani, niko jikoni. Nikamsikia sebuleni anauliza: huu ugonjwa hasa nani kauona? Anord akajibu ni mke wangu. Kisha mzee akasema:
"Basi aseme yeye. Ninyi mnaniambia mlichosikia."
"Baba Anord! Mkamwana?" Mama mkwe huyo.
"Aseme."
Nilisimama nyuma ya pazia. Nikasema baba, chembe zinatengenezwa mifupani kupita kiasi, bandama inazibeba, ndiyo maana imevimba. Chale haifiki huko. Vidonge vinafika.
Akauliza zikoje kwa macho. Sikutegemea. Nikasema ukweli: nzuri, baba, zambarau tupu, ila hazijui kuacha kuzaana.
Akacheka! Kikohozi kikamkatiza.
"Ndaga, mwanangu. Asante. Nitakwenda."
Mwanangu! Nimeunguza maharage na hakuna aliyelalamika.

Jumatano, 11 Juni. Mbeya
Baridi inauma. Tuko kwenye benchi nje ya chumba cha vipimo. Wanataka kumtoa uboho kwenye nyonga, sindano ndefu ile. Nimejifunika mtandio hadi puani, nimegeukia ukuta. Watu wanadhani mgonjwa ni mimi.
Nesi katoka sasa hivi. Mzee anataka ndugu mmoja amshike mkono. Anord akasimama. Hapana, nesi akasema, anamtaka mkamwana wake, yule aliyeiona damu.
Mama mkwe kanitazama. Nilijua atakataa. Kanivua mtandio taratibu, kaukunja, kautia kwenye pochi yake.
"Nenda, mwanangu. Anaogopa yule. Hawezi kusema, ila anaogopa."
Mlango uko wazi nusu. Anord kanipokea begi, ananisukuma kwa kiwiko. Nami naandika, maana miguu imegoma! Nesi anaita tena. Miaka minne, na sijawahi hata kumwamkia. Sijui nianze na shikamoo, au nimshike mkono kwanza, au