Rangi Kisimani

3 Machi

Mwanangu,

Sisi wazima. Mgongo tu unalalamika, na siku hizi haulalamiki peke yake. Mama yako anakusalimu. Mwanao Kipepe kang'oka jino, anapiga mluzi kwa pengo.

Watu wa ofisi yenu ya maji walikuja Jumatatu na vizibao vyao, wakatia dawa kisimani kwangu. Jumatano nyumba nne zinaharisha, fundi cherehani kafa. Jumlisha mwenyewe. Wanataka visima vife, tukapange foleni kwenye bomba lao. Ni ofisi ileile iliyobomoa banda langu la matofali, nikauliza sababu, nikajibiwa, "Utaandikiwa." Mwaka wa tisa huu nangoja. Wakirudi nawatoa mbio.

Wewe unapima maji humo ndani. Niambie wanachanganya nini.

Babako

9 Machi

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, ila barua yako imeninyima usingizi. Ile dawa ni klorini, ileile inayong'arisha mashuka. Umeanza kuhesabu Jumatatu, baba. Anza Ijumaa ya kabla yake: siku hiyo zahanati ilishapokea wagonjwa wa mtaa wetu. Ndiyo maana timu ikaja. Kwenye banda walikuonea, sibishi. Lakini kipindupindu ni kitu kingine.

Kile choo ulichowachimbia wapangaji kiko upande wa juu wa kisima. Usiniamini mimi. Chukua rangi ambayo mama hutilia nguo, imwage chooni, kisha uwe unachota kisimani na kutazama. Kwa sasa mchemshieni Kipepe maji. Nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu.

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

Tunapumua. Kumbe nilikusomesha uje unifundishe choo nilichokichimba mwenyewe! Sichezi na rangi.

Juzi watu wa mtaa waliniita niseme mkutanoni. Unajua wanavyoniita Bwana Hesabu kwa kejeli. Safari hii nikawapangia: Jumatatu, Jumatano, banda, bomba. Kimya, mwanangu! Hata wavuta sigara wa nyuma walizima. Kinyozi akasema, "Mzee, wewe ndiye ulistahili kukaa ofisini." Maisha yangu yote nilingoja mtu aseme hivyo. Jana timu yenu ilirudi, vijana wakaitimua kwa mawe. Mimi sikurusha hata moja.

Kipepe anakunywa maji ya babu yake. Hayachemshwi.

Babako

18 Machi

Shikamoo baba,

Nimepata ruhusa, Jumamosi nakuja kumchukua Kipepe. Gombana na mimi, lakini mpaka nifike, chemsheni.

Binti yako

2 Mei

Mwanangu,

Sijui nikuulize vipi hali yako. Tangu uondoke makaburini hujaandika, na sikulaumu. Mama yako ananiwekea chakula na kugeuka.

Baada ya kumzika Kipepe nilichukua ile rangi nyekundu, nikaimwaga chooni. Ndoo zikapanda safi, nikaanza kujisifu, Mungu anisamehe. Kisha ikapanda moja ina wekundu, kama maji yaliyosuuziwa kitambaa. Nikakaa chini palepale.

Niliibeba hadi kwa kinyozi. Nikawaambia watu nilikosea, dawa haikuua mtu, ni choo changu. Kinyozi akaitazama ndoo, akanitazama mimi. "Na binti yako si yuko ofisi ya maji? Wamekupa nini, mzee?" Wakaanza kujumlisha. Wanajumlisha vizuri, niliwafundisha mimi.

Nikakiziba kisima kwa zege. Asubuhi nikakuta wamelipasua kwa nyundo, wanachota. Mke wa kinyozi alikuwa na mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Mama, maji yana rangi, huoni?"

"Tunaona. Si uliitia wewe?"

Niliitia mimi, mwanangu.

Waambie wenye vizibao warudi. Safari hii nitasimama mbele yao, mawe yaanze na mimi. Wewe usije. Ila niandikie, hata matusi.

Babu yake Kipepe