Ubeti wa Gaspari

Cibitoke, Alhamisi. Couvre-feu imeshaanza, hakuna kutoka nje tena.

Na ule wimbo bado unanisumbua kama jino bovu. Ubeti wa kwanza ninao. Wa pili umenitoka kabisa.

Leo nimemkuta Tito anauza makaa sokoni. Kabla ya vita alipiga gitaa katika orkestra ya baa yetu, ndiyo iliyouimba wimbo huo. Nikamwimbia ubeti wa kwanza, nikamwomba anikumbushe wa pili. Akaendelea kunijazia mfuko.

“Ile ni ya Gaspari, mama. Mi siwezi.”

Nilikasirika. Gaspari, mwimbaji wao aliyeimba ubeti wa pili peke yake, alikimbia vita na wengine, na hakuna anayejua yuko wapi. Nikamwambia Tito kwamba wimbo utapotea.

“Kwetu mutu haimbi pa mwenzake kama hajazikwa,” akasema. “Nikiimba, nimemuzika.”

Nimerudi na makaa yangu. Naogopa tunajidanganya, yeye na mimi. Labda Gaspari...

Apana. Nimeamua. Kesho nikifua nitaimba ubeti wa kwanza kwa sauti, majirani wote wasikie. Nikifika pa Gaspari nitafua kimya, ubeti mzima, ndipo niingie kwenye kiitikio.