Goti la Baba Mdogo

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za sisi tuliobaki. U hali gani huko kwenye meli zenu za chuma? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, ingawa bado hupakua sahani ya marehemu Baba, kisha akairudisha kabatini. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo inayochafuka, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Simu ya hapa husikilizwa na nyumba nzima.

Jambo lenyewe ni mashua. Baba Mdogo amekwambia ameimaliza ile aliyoiacha Baba mifupa mitupu, na kwamba ukirudi mwezi ujao utakuwa nahodha wake. Kweli imekwisha. Imepakwa buluu inayong'aa, na wapita njia wanaipiga picha. Mimi nikiiona hugeuza njia.

Unakumbuka mbao alizozikausha Baba miaka yote ile, zile tulizokatazwa hata kuzikalia? Hazimo. Zimekuwa milango nyumbani kwa Baba Mdogo. Juzi nilipeleka chakula huko, nikashika kitasa, nikasikia harufu ya mbao zile, nikashindwa kuingia. Kwenye mashua yako amegongomelea mbao alizozing'oa kwenye lile jahazi kuukuu lililolala matopeni tangu utoto wetu, tulimokuwa tukiwinda kaa. Matundu ya wadudu ameyaziba kwa sabuni na unga wa mbao, kisha rangi juu. Nilichomeka pini ya nywele chini ya kiti cha nahodha. Ikazama yote, kama kwenye mkate.

Nilimwuliza Msumari, msaidizi wake, mbele ya mafundi wenzake. "Dada, chombo kipya ni bibi harusi," akasema. "Usimfute poda kabla hajafika kwa mume." Wakacheka wote, watu wale wale waliofundishwa na Baba kugonga ubao na kuusikiliza.

Mama nilimweleza. Akaendelea kukunja nguo. "Huyo ndiye aliyesimama nasi msibani, mwanangu. Tusimwanike." Nikamwuliza kama wewe ndiye wa kulowa ili yeye asianikwe. Shati alilokuwa amelikunja akalikunjua, akalikunja tena.

Sasa goti. Unaijua desturi ya Babu: chombo kikishushwa mara ya kwanza, fundi aliyekiunda hukaa ndani yake, chini kabisa, kiganja kwenye mbao, kiende na kirudi naye. Baba hakuwahi kukosa, hata alipokuwa na homa. Baba Mdogo ametangaza kuwa goti linamsumbua, hawezi kukunja mguu, basi mtakwenda wewe na mabaharia peke yenu. Anachechemea vizuri sana, hasa penye watu. Jana nilimwona juu ya paa lake, amechuchumaa, akipigilia bati huku akipiga mluzi.

Kaka, asiyejua mbao ningemsamehe. Huyu anajua. Goti lake linajua. Na bado anakuita mwanangu.

Usiipande mashua hiyo. Siku ya kuishusha, sema mbele ya wote kuwa haiondoki mpaka fundi aketi mahali pake. Usibishane naye juu ya mbao, maana kwa maneno atakushinda. Mwambie akae tu.

Unga ulioukuta ndani ya bahasha si uchafu wa njiani. Ni mashua yako. Niliukwangua kwa ukucha.

Mama anakusalimu, na Shangazi, na mdogo wetu ambaye sasa ananipita kimo na kiburi. Mungu akulinde na maji, na akulinde zaidi na ndugu.

Baba Mdogo naye anakusalimu sana. Ameniagiza nisisahau kukwambia kuwa chombo ni kizima.

Akupendaye, na asiyetaka kukulilia,
Dada yako.