Kondo la Nyuma la Bosi

Shangazi yangu kipenzi,

Mtoto amefika, mzima wa afya, na kwa anavyoamrisha watu usiku na mchana, baba yake anamwita Bosi. Ile homa ya virusi iliyonilaza nikiwa na mimba ilitutia hofu, kwa hiyo hospitali wakalichunguza kondo la nyuma. Mama wa maabara akaniita nichungulie kwenye hadubini.

"Unaziona seli hizi za pembeni, zilivyochakaa? Virusi vimezitafuna, lakini kwa mtoto havikupita."

Nilicheka huku nalia, Shangazi. Nilikumbuka nilipougua surua, ulivyolala kati yangu na wadogo zangu, ikakupata wewe na wao ikawakosa. Kumbe hata tumboni kuna shangazi!

Bosi anakusalimu kwa makelele.

Mwanao,
Mama Bosi